Programu ya service: ununue moja kwa moja au ulipie kila mwezi?

Leo somo ni kwa wewe unayeuza mtandaoni lakini biashara yako inabebwa na vyombo: pikipiki ya kupeleka mizigo stendi, mashine ya kukoboa, friji, cherehani. Zipo programu za kukukumbusha tarehe ya kumwaga oili na kutunza rekodi ya spea. Unazipata kwa njia mbili: kulipa mara moja ikawa yako, au kulipia kila mwezi.

Mimi nilianza na ya mwezi. Mwezi wa tatu huku Ifakara mpunga bado uko shambani, hela hakuna, nikaruka malipo. Programu ikajifunga na rekodi zote zikabaki humo ndani. Tarehe ya oili nikaisahau, pikipiki ikanoki injini. Mzigo wa mchele wa wateja wa Dar ukachelewa basi, nikarudisha hela za watu. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza mapema.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Ya kununua ni 300,000, na kila mwaka unalipa 50,000 ya marekebisho na msaada. Ya mwezi ni 15,000.

Mwaka 1: 350,000 kwa 180,000.
Miaka 2: 400,000 kwa 360,000.
Miaka 3: 450,000 kwa 540,000.

Umeona? Ya mwezi ni nafuu mwanzoni, ila mwaka wa tatu inakupita. Kama bado unajaribu biashara, anza na ya mwezi. Kama vyombo vyako ni vya kudumu na una hela ya mavuno mkononi, nunua.

Lakini usidhani ukinunua umemaliza. Office 2019 ya Microsoft ilikuwa ya kulipa mara moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuitolea marekebisho ya usalama. Inafunguka bado, ila ulinzi wake umebaki wa zamani. Na kuna kampuni zinazohama kabisa: Adobe mwaka 2013 walitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao kuu za ubunifu yatakuwa ya kulipia kwa muda tu.

Kabla hujatoa hela uliza haya:

1. Nikiacha kulipa, rekodi zangu nazitoaje? Wakikosa jibu, ondoka.
2. Naweza kulipia mwaka mzima baada ya mavuno?
3. Bei ni ya shilingi au ya dola? Dola ikipanda, na wewe unapanda nayo.
4. Simu au kompyuta ikifa, nahamishia nyingine bila kununua upya?
5. Bando likiisha inafanya kazi?

Na kama una vyombo viwili vitatu tu, usinunue chochote kwanza. Daftari na kengele ya kalenda kwenye simu vinatosha.

Hata ukilipia, kila mwisho wa mwezi nakili tarehe za service kwenye daftari. Programu ni ya kwao, ila rekodi ni zako.