Ugonjwa Huu Umetoka Ukoo Gani?



Kijana wenu aliyefanya vizuri shuleni anaanza kujifungia chumbani. Anasikia sauti msizozisikia ninyi, na kusema kwamba majirani wanapanga kumdhuru. Daktari anawaeleza kuwa huo ni ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mnaporudi nyumbani, mmoja wenu anasema: "Kwetu hakuna wazimu. Haya yametoka kwenu." Neno hilo laweza kuvunja nyumba wakati mgonjwa anapowahitaji nyote wawili. Basi tutazame jinsi urithi unavyohusika.

Je, ni malezi ya mama?

Zamani madaktari wengi wa akili huko Marekani waliamini kwamba mama asiye na upendo ndiye aletaye ugonjwa huu. Mwaka 1966 daktari Leonard Heston alichapisha uchunguzi wake juu ya watu 47 waliozaliwa na akina mama wenye skizofrenia, wakatenganishwa nao siku za kwanza za maisha. Watano kati yao waliugua skizofrenia. Wengine 50 walitenganishwa na mama zao vivyo hivyo, lakini mama hao hawakuwa na ugonjwa wa akili. Kati ya hao hakuugua hata mmoja. Basi urithi una nafasi yake hata pale ambapo mama hakulea. Mama asibebeshwe lawama.

Je, ni urithi wa nani?

Jeni ni maagizo yaongozayo mwili jinsi ya kukua na kufanya kazi. Mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama, na maagizo hayo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulichunguza jeni za wagonjwa zaidi ya 76,000, ukakuta sehemu 287 zinazohusika na skizofrenia. Tofauti nyingi za namna hiyo huongeza hatari kidogo tu, na watu wasiougua wanazo pia. Mtoto huweza kukusanya kidogo kutoka kwa baba na kidogo kutoka kwa mama. Ndiyo sababu wagonjwa walio wengi hawana mzazi mwenye ugonjwa huu.

Yapo mabadiliko machache yenye nguvu zaidi. Kwa mfano, mtu aliyekosa kipande fulani cha kromosomu ya 22 ana hatari ya karibu 1 kati ya 4. Lakini mara nyingi upungufu huo huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote wawili hawana. Hapo utalaumu ukoo gani?

Je, watoto wengine wataugua?

Kwa watu kwa jumla, hatari ni karibu 1 kati ya 100. Kwa ndugu au mtoto wa mgonjwa ni karibu 1 kati ya 10. Yaani wengi hawataugua. Hata kwa pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Urithi si hukumu, wala hakuna kipimo cha damu cha kutabiri nani ataugua. Waonyeni vijana juu ya bangi, kwa maana huongeza hatari. Dalili zikionekana, msingoje: mpelekeni hospitali, na asiache dawa bila shauri la daktari.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mliahidiana uaminifu hata siku za ugonjwa. Ugonjwa wa mtoto pia ni wa siku hizo.

Jadilianeni nyumbani:

1. Je, tumewahi kurushiana lawama kwa ugonjwa wa mtoto au wa ndugu?

2. Jamaa wakiulaumu ukoo wa mwenzangu, nitawajibu nini?

3. Nani atamsindikiza mgonjwa kliniki, na nani atampumzisha mwenzake?