Nandankanan: anza na ghariali, chui milia mweupe atakungoja

Kila wanafunzi wapya kutoka nyumbani Tanzania wakifika Bhubaneswar, swali huwa lile lile: bustani ya wanyama ya Nandankanan tunaendaje, na tukifika tuone nini? Nimekaa katika mji huu mkuu wa jimbo la Odisha, mashariki mwa India, kwa muda wa kutosha kuwasindikiza wengi. Naandika hapa jinsi ninavyofanya mimi, ili hata asiye na mwenyeji ajue pa kuanzia.

Chagua siku kwanza. Jumatatu hapafunguliwi. Jumapili na sikukuu familia humiminika kutoka kila upande, na kwenye vizimba vya chui milia utaona visogo vya watu kuliko wanyama. Mimi huenda katikati ya wiki, kati ya Novemba na Februari. Joto la Aprili na Mei huku si la mchezo. Huweza kupita nyuzi 40, na saa sita mchana kila mnyama mwenye akili amelala kivulini. Kwa hiyo uwe langoni asubuhi, wakati wa kufungua. Mabasi ya mjini hufika hadi hapo, na bajaji zipo, ila patana bei kabla hujapanda.

Langoni, mgeni kutoka nje ya nchi hulipa zaidi ya Mhindi. Usibishane, ndivyo ilivyo katika vivutio vingi vya India. Kata pia tiketi ya safari ya basi la kuwaona simba na chui milia weupe, kwa kuwa foleni yake hurefuka kadiri jua linavyopanda. Ukiwa na mzee au mtoto mdogo, uliza magari ya umeme. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji, na mifuko ya plastiki iache nyumbani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Karibu kila mgeni hukimbilia chui milia mweupe, na ninaelewa kwa nini. Mwaka 1980 watoto weupe walizaliwa hapa kwa wazazi wenye rangi ya kawaida, Deepak na Ganga, na habari hiyo ikaitangaza Nandankanan dunia nzima. Weupe huo ni wa kurithi, na hujitokeza pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba asili yake. Ni mnyama wa kupendeza kweli. Lakini mwaka huo huo wa 1980 kulitokea jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: ghariali walizaliana wakiwa kizuizini, mara ya kwanza kabisa duniani.

Ghariali ni jamaa wa mamba, na mimi huanza naye. Mkaribie taratibu, simama, usigonge wala kupiga kelele. Mdomo wake ni mrefu na mwembamba kama fimbo, na meno yanachungulia nje hata akiwa ameufunga. Dume aliyekomaa ana kinundu kwenye ncha ya pua. Wakati wa kutafuta jike hukitumia kutoa mvumo na kupuliza mapovu majini. Akiwa nchi kavu hawezi kuliinua tumbo akatembea kama mamba wetu wa Rufiji. Hujisukuma tu juu ya mchanga. Chakula chake ni samaki. Ngoja hadi mmoja ateleze kuingia majini, utaona jinsi uzito wote ule unavyogeuka wepesi.

Katika miaka ya 1970 ghariali walikuwa karibu kutoweka kwenye mito ya India, kwa sababu ya nyavu, mabwawa na uwindaji wa ngozi. Odisha ikaanza mradi wa kuwaokoa mwaka 1975 huko Tikarpada, kwenye mto Mahanadi. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2019, ghariali waliokulia Nandankanan walipelekwa mtoni huko Satkosia, na mwaka 2021 vifaranga vilivyoanguliwa mtoni vikaonekana tena, baada ya miongo kadhaa bila hata kimoja. Mimi bustani ya wanyama huipima kwa jambo kama hilo. Twiga na kiboko wapo pia, na wenyeji huwashangaa kweli kweli, lakini sisi tumetoka kwao; muda wako wape wanyama wa hapa.

Wapo pia kakakuona wa India, ambao wana kituo chao maalumu cha kuzalishwa. Kwetu Tanzania kuna vijiji ambako kakakuona akitokea, huwekewa mtama, maji na silaha ili atabiri mwaka. Hapa Nandankanan usiende ukitegemea kumwona, maana ni mnyama wa usiku.

Ukifika kwa chui milia, kumbuka kwamba ukuta wa nyuma unapakana na msitu wa Chandaka. Mwaka 1967 jike wa porini alitoka msituni akaruka mwenyewe na kuingia kizimbani alimokuwa dume. Akapewa jina la Kanan, na hakurudi tena porini. Mwaka 2013 dume mmoja wa porini naye alikuja vivyo hivyo, ila yeye baada ya muda aliruka tena akaondoka zake.

Mchana, jua likiwa kali, vuka uende Bustani ya Mimea, ng'ambo ya ziwa Kanjia. Wengi hawafiki huko, na ni hasara yao. Kuna waridi, dungusi kakati, na mimea ya dawa. Utaukuta mwarobaini ukiwa kwao. Sisi tuliupata kutoka pande hizi. Mkwaju ulifanya safari ya kinyume, ukatoka Afrika ukazoea India hata mpishi wa Odisha hawezi kufikiria jiko lisilo na ukwaju. Kaa kivulini kando ya ziwa, hasa majira ya baridi ndege wahamiaji wanapokuwepo, na darubini ndogo itakufaa sana.

Ukitoka, tafuta dafu na kipande cha chhena poda, jibini laini yenye sukari iliyookwa mpaka ukoko ukawa wa kahawia. Kisha panda basi kabla ya jioni, kwa sababu barabara ya kurudi mjini hujaa ofisi zikifungwa.