Kuhifadhi Matoleo Mawili ya Mchezo wa Kompyuta Bila Kununua Diski Nyingine

Mtumiaji anayenunua mchezo wa kompyuta kupitia intaneti hukabidhiwa kitu kisichotulia. Leo mchezo una sura hii. Kesho msambazaji hutoa sasisho na sura ikabadilika, pengine bila mnunuzi kuombwa ridhaa. Wako wanaolitaka toleo jipya na bado wanalihitaji la zamani. Hao huhifadhi yote mawili, diski hujaa, na ushauri wa kwanza wanaopewa dukani ni kununua diski nyingine. Somo hili linaeleza ni lini ushauri huo unafaa, na ni lini fedha hiyo yaweza kubaki mfukoni.

Tuchukue mchezo wa Skyrim, uliotengenezwa na Bethesda ya Marekani na kutolewa Novemba 2011. Tarehe 28 Oktoba 2016 lilitoka toleo liitwalo Special Edition, na tarehe 11 Novemba 2021 sasisho kubwa lililihamisha toleo hilo kutoka namba 1.5.97 hadi mfululizo wa 1.6. Sasisho hilo liliwagusa hasa wanaotumia modi, yaani nyongeza zinazotungwa na wachezaji wenyewe. Modi zilizofungamana na programu kuu ya 1.5.97 zilikataa kufanya kazi mpaka watungaji wake walipozirekebisha, na si wote waliozirekebisha. Mchezaji aliyekwisha kutumia miezi kuupanga mchezo wake ana sababu nzuri ya kutouachia toleo la zamani.

Kabla ya kugusa diski, pima kwanza undugu wa matoleo uliyo nayo. Skyrim ya 2011 na Special Edition zina jina moja lakini zimejengwa tofauti: ya kwanza ni programu ya biti 32, ya pili ni ya biti 64, na hata mafungu yao ya picha hayalingani. Matakwa yaliyotangazwa yalikuwa gigabaiti 6 kwa ile ya kwanza na gigabaiti 12 kwa ya pili. Anayezitaka zote mbili hana budi kuzipa zote mbili nafasi yake. Matoleo 1.5.97 na 1.6, kwa upande mwingine, ni ndugu wa tumbo moja. Programu kuu, SkyrimSE.exe, ilibadilika, na faili nyingine kadhaa pia. Lakini uzito mkubwa wa mchezo umo katika mafungu ya picha na sauti, na humo ndimo mtumiaji atarajie kukuta faili zilezile zimehifadhiwa mara mbili.

Asikisie, bali ahakikishe. Windows ina amri inayotoa alama ya kidole ya faili yoyote:

certutil -hashfile "jina la faili" SHA256

Iendeshe kwa faili ya toleo la zamani, kisha kwa mwenzake wa toleo jipya. Alama zikilingana herufi kwa herufi, faili hizo ni kitu kimoja. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, ziache zilivyo. Ziandike alama hizo mahali salama, kwani zitahitajika tena.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Jirani yako huitwa Mwanaidi kazini na Mama Salimu mtaani, lakini nyumbani kwake hupikiwa sahani moja tu. Diski iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS, ambao ndio wa kawaida kwenye Windows, huruhusu faili nayo kuwa na majina mawili katika folda mbili, huku ikikalia nafasi moja. Tuseme toleo jipya limo katika folda ya Steam, na la zamani ulilinakili katika folda ya Skyrim-Zamani kwenye diski hiyohiyo. Lipe fungu la picha katika folda ya zamani jina la muda, kwa mfano kwa kuongeza neno akiba mwishoni, kisha katika dirisha la amri la cmd andika:

mklink /H "D:\Skyrim-Zamani\Data\Skyrim - Textures0.bsa" "D:\Steam\steamapps\common\Skyrim Special Edition\Data\Skyrim - Textures0.bsa"

Jina jipya hutangulia, faili iliyopo hufuata. Wengi hukosea hapo. Fungua mchezo wa zamani, ucheze kidogo, na ukiridhika ndipo ufute ile ya akiba. Rudia kwa kila fungu kubwa lililolingana. Faili ndogo hazistahili usumbufu huo.

Usishtuke ukiona Windows bado inazihesabu folda zote mbili kwa ukubwa wake kamili. Huhesabu kila jina. Kipimo cha kweli ni nafasi iliyo wazi ya diski nzima, uliyoiandika kabla na unayoitazama baada ya kazi. Kwa sababu hiyohiyo, kufuta jina moja hakurudishi nafasi mpaka jina la mwisho nalo liondoke. Njia hii haivuki kutoka diski moja hadi nyingine, wala haifanyi kazi kwenye diski ya kubebeka iliyopangwa kwa exFAT.

Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa. Programu ikiandika ndani ya faili yenye majina mawili, badiliko huonekana pande zote mbili, na toleo ulilokusudia kulilinda huharibika kimyakimya. Ikiwa inaifuta faili na kuweka nyingine mpya, upande wa pili hubaki salama. Mtumiaji hawezi kujua mapema sasisho lijalo litafanya lipi. Kwa hiyo usiunganishe kamwe programu kuu, faili za mipangilio, wala faili ambazo modi huzibadilisha. Katika Steam, chagua mpangilio unaoagiza sasisho lisubiri mpaka mchezo ufunguliwe. Sasisho likipita, linganisha tena alama za vidole na zile ulizoziandika. Mwenye nakala ya toleo la zamani kwenye diski ya kubebeka atalala usingizi. Asiye nayo atategemea kupakua upya, na gigabaiti 12 kwa bando si jambo dogo. Tena asishawishike kununua nakala ya toleo la zamani kwa mtu asiyemfahamu, kwa kuwa humo ndimo programu haribifu hupenyezwa.

Jambo moja husahaulika hata na mafundi. Michezo iliyohifadhiwa, yaani maendeleo ya mchezaji mwenyewe, haimo katika folda ya mchezo. Imo katika Documents\My Games\Skyrim Special Edition\Saves, na matoleo yote mawili huitumia folda hiyo moja. Ukihifadhi ukiwa katika 1.6, usitegemee kuendelea salama katika 1.5.97. Nakili folda ya Saves kabla ya kuhama kutoka toleo moja hadi jingine, na uipe nakala hiyo jina lenye namba ya toleo lake.