Kustaafu na Kuhamia Pwani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Shamba la Chai

Mwezi wa Oktoba, bonasi ya majani chai inapoingia kwenye akaunti za wakulima, madalali wa viwanja nao huongeza safari zao Kericho na Bomet. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, Kilifi au Kwale. Bahari iko karibu, malipo ni kidogo kidogo, hati iko tayari. Anayewasikiliza mara nyingi ni mwalimu aliyestaafu au mkulima aliyepita miaka 65. Nyumba yake ina vyumba sita, na wanaolala humo ni wawili. Watoto wako Nairobi, Nakuru na ng'ambo. Magoti hayataki tena baridi ya asubuhi wala mteremko wa shamba.

Wazo la kuhamia nyumba ndogo mahali penye joto halina aibu yoyote. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mtu mwenye maumivu ya viungo anajua vizuri Julai ya huku inavyofanana. Nyumba kubwa inahitaji kuni, rangi, mabati mapya na mtu wa kuifagia. Kinachowagharimu wazee wengi ni mpangilio wa hatua: shamba linauzwa kwanza, kisha maisha ya huko yanajaribiwa baadaye, wakati hakuna tena pa kurudi.

Shamba kama pensheni

Mkulima mdogo wa chai hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, halafu bonasi baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwishoni mwa Juni. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika kuwa bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, na malalamiko hayo yamewafanya wengine waone shamba kama mzigo. Lakini mchai uliotunzwa huishi miongo mingi, na hauulizi umri wa mwenye shamba. Asiyeweza kuchuma mwenyewe anaweza kuwalipa wachumaji, au kumkodishia kijana wa familia, na bado kitu kikabaki kila mwezi.

Pesa za kuuza shamba haziji hivyo. Chukua mfano wa kubuni: mume na mke wanauza ekari zao kwa shilingi milioni 3. Kiwanja na nyumba ndogo pwani vinakula milioni 2.2. Zinabaki 800,000. Wakitumia shilingi 30,000 kwa mwezi kwa chakula, dawa, maji, umeme na nauli, pesa hizo zinaisha katika mwezi wa 27. Mzee aliyehama akiwa na miaka 66 atakuwa bado hajafika 69. Mpango wa Inua Jamii kwa wazee huanza mtu akitimiza miaka 70, ni kwa asiyepokea pensheni, na kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kwa mtu ambaye bado yuko kazini kuna njia nyingine ambayo haigusi shamba. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama wa mpango wa pensheni wa kazini kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Ruhusa hiyo ni kabla ya kustaafu. Aliyekwisha kustaafu hawezi kurudi nyuma kuidai, kwa hiyo mwenye miaka 55 leo ndiye anayefaa kuuliza wasimamizi wa mpango wake.

Sahihi za nani?

Shamba la chai ni ardhi ya kilimo, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inasema kwamba kuuza, kugawanya au hata kukodisha ardhi ya namna hiyo kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo. Ombi linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe. Bila idhini, makubaliano hayo ni batili kisheria, hata kama chifu alishuhudia na mbuzi akachinjwa. Mnunuzi anaweza kudai pesa zake kama deni, na mzee aliyekwisha kuzitumia Malindi atalilipa kwa nini?

Jambo la pili ni mwenzi. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke, bila kujali hati ina jina la nani. Kwa desturi ya bodi nyingi, mke huitwa na kuulizwa mwenyewe, na watoto wazima pia hutakiwa kufika. Wapo wanaume wanaoliona hilo kama kusumbuliwa. Lakini anayebaki na hasara mume akifa ugenini ni huyo huyo mke aliyekuwa akichuma chai hiyo kwa miaka 40, na swali moja mbele ya bodi ni gharama ndogo. Ikiwa ndoa ni ya wake wawili, mazungumzo yaanze mapema zaidi, nyumbani.

Tatu, na hili ndilo linalokwamisha familia nyingi za huku: hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Hakuna anayeweza kuuza ardhi hiyo kabla ya mirathi kufunguliwa mahakamani na msimamizi kuthibitishwa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inahesabu kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka kuwa kosa la jinai. Kokwet inaweza kukubaliana mipaka na kila mtu akaijua, na bado karatasi zikakataa. Mwenye nia ya kuhama miaka mitano ijayo ana sababu ya kuanza mirathi mwaka huu.

Ardhi ya pwani ina historia yake

Mtu aliyezoea hati za Kericho, ambako mpaka ni ua la miti au safu ya mwisho ya michai, anaweza kushangazwa na pwani. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliuendesha kwa makubaliano naye tangu 1895. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kusajili madai ya ardhi katika ukanda huo. Walioweza kuthibitisha madai yao walipata hati. Wengi wa Mijikenda na jamii nyingine waliokuwa wakiishi na kulima humo hawakupata. Ndiyo maana hadi leo kuna vijiji vizima pwani ambavyo wakazi wake wa vizazi vitatu huitwa maskwota, huku mwenye hati akiishi mbali. Huko Likoni, mgogoro wa shamba moja la ekari 930 uliendelea miaka mingi, mpaka serikali ikaingilia na hati zikaanza kutolewa kwa wakazi mwaka 2016.

Hivyo basi hati inaweza kuwa halali na kiwanja kikawa na watu. Mstaafu anayenunua bila kufika hununua pia kesi. Upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi humwonyesha mwenye ardhi aliyesajiliwa, na kama kuna zuio au mkopo juu yake. Hauonyeshi bibi aliyepanda minazi pale mwaka 1970. Hilo linajulikana kwa kufika kijijini bila dalali, kuamkia wazee kwa shikamoo kama desturi ya huko inavyotaka, na kuuliza mzee wa mtaa ardhi ile ni ya nani na imewahi kugombaniwa lini.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara hulifahamu akiwa amechelewa. Katika mitaa mingi ya zamani ya Mombasa na miji jirani kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni ya mtu mmoja, udongo chini yake ni wa mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi. Utaratibu huo ni wa zamani na wenyeji wanauelewa. Nyumba za aina hiyo huuzwa kwa bei nafuu kweli, na bei hiyo ndiyo humvuta mgeni. Anayeambiwa "nyumba inauzwa" aulize mara moja, kwa maneno haya haya: pamoja na ardhi, au bila?

Na kiwanja kinachogusa mchanga wa ufuo kina mpaka wake. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaitaja ardhi iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna mtu wa kumuuzia mwingine sehemu hiyo.

Mwili nao una maoni

Joto linalopendwa na magoti halipendwi na kila kiungo. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu za aina inayotoa maji mwilini anaweza kuishiwa maji haraka mwezi wa Februari au Machi pale pwani, na dozi iliyomfaa Litein isimfae Mtwapa. Daktari aelezwe kuhusu safari kabla, si baada ya mtu kuanguka.

Malaria ni suala kubwa zaidi. Nyanda za juu za Kericho na Bomet hupata malaria kwa vipindi vya mlipuko, kwa hiyo watu wake hawana kinga waliyoijenga wale wanaoishi nayo mwaka mzima. Mgeni mwenye miaka 68 anaingia kwenye ugonjwa huo akiwa kama mtoto. Neti iliyotiwa dawa na kupima damu homa inapoanza si mambo ya kujadiliwa. Wapo wanaofikiria pwani ya karibu zaidi, ile ya Ziwa Viktoria, kwa sababu Kisumu ni kilomita 80 hivi tu kutoka Kericho na wajukuu wanaweza kuja kwa matatu moja. Faida hiyo ni ya kweli, lakini tafiti za kitaifa zimeonyesha kuwa ukanda wa ziwa una malaria nyingi kuliko hata pwani ya bahari.

Kuhusu hospitali, usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa NHIF, haumfungi mtu katika kaunti moja. Hata hivyo nyumba ichaguliwe kwa kuangalia hospitali kwanza na bahari baadaye. Kilifi, Malindi na Msambweni zina hospitali za umma za kulaza wagonjwa, na rufaa kubwa iko Mombasa. Mtu aliyezoea Tenwek au hospitali ya rufaa ya Kericho kuwa karibu na nyumbani asinunue kiwanja ambacho gari la wagonjwa halifiki wakati wa mvua za Mei.

Mwaka mmoja wa kupanga

Ushauri unaofaa kwa wengi ni kupanga nyumba kwa miezi 12 kabla ya kununua chochote. Mwaka mzima una sababu: anayekaa Agosti peke yake huonja upepo mwanana wa kusi na kudhani pwani yote ni hivyo, joto la kaskazi la Januari hadi Machi humpa picha nyingine, na masika ya Aprili na Mei humwonyesha barabara. Atajua kama maji ya kisima ni ya chumvi, atajua chumvi ya hewani inavyokula mabati na friji, na atajua kama mke wake ana mtu wa kuongea naye. Hili la mwisho halionekani kwenye picha ya dalali. Mama aliyekuwa kwenye chama, kanisa na kikundi cha wachumaji kwa miaka 30 anaweza kunyauka katika nyumba nzuri.

Wakati huo wote chai iendelee kuchumwa chini ya usimamizi wa maandishi, na nambari ya mkulima pale kiwandani ibaki kwa jina la mwenyewe. Mwaka ukiisha na moyo umetulia, kuna njia ya katikati: kubaki na robo ekari yenye nyumba ndogo huku, na kuendelea kupanga kule. Wengine hugundua kwamba walichohitaji ni nyumba ya vyumba viwili karibu na lami na zahanati, pale Sotik au Kapkatet, na kwamba bahari inatosha kutembelewa.

Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya makampuni wako katika hali tofauti. Nyumba wanayoishi ni ya mwajiri, na kustaafu ni kuondoka. Kwao hakuna cha kupunguza. Kuna cha kutafuta. Wahakikishe michango yao ya NSSF, ambayo tangu Februari 2023 ni asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, imeingizwa kwa jina na nambari sahihi ya kitambulisho wakiwa bado kazini, maana kurekebisha rekodi baada ya kuondoka ni safari nyingi.

Familia pia izungumze kuhusu mazishi, hata kama ni mazungumzo mazito. Kutoka pwani hadi Kericho ni zaidi ya kilomita 700, na kusafirisha mwili ni gharama inayoangukia watoto ghafla. Mzee aliyeuza shamba lote hana tena kaburi lake huku. Wanaoacha kipande cha ardhi kwa ajili hiyo huandika katika wosia, na mtoto anayekitunza hutajwa kwa jina.

Maombi ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi hupokelewa katika afisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti ya eneo husika. Mwombaji aulize tarehe ya kikao kijacho, na siku hiyo afike na hati halisi, vitambulisho vya mume na mke, na mwenzi wake mwenyewe.