Dondoo muhimu: Kumhoji mwandishi wa historia kwenye runinga

Kitabu kama Blood on the Runway cha S. Abdi Sheikh (2007), kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, Kenya, humtaka mtangazaji ajiandae.

1. Soma kitabu chote. Maneno ya jalada la nyuma hayatoshi, na mwandishi humtambua mapema aliyesoma hayo tu.
2. Usichanganye mauaji ya Wagalla (Februari 1984) na mauaji ya Garissa Gubai (1980).
3. Kila idadi ya waliouawa Wagalla itajwe na chanzo chake: serikali ilikiri 57, Tume ya Ukweli ilisema karibu 1,000.
4. Usimtaje manusura bila idhini yake.
5. Mahojiano yakifanyika Garissa, rekodi za nje zifanywe asubuhi. Adhuhuri jua huwaka mno, na upepo huvuma kwenye maikrofoni isiyofunikwa.
6. Mkalimani wa Kisomali, akihitajika, apewe maswali mapema.