Seva Nane, Moja Ikasahaulika



Wengi wenu mna vijana wanaosomea kompyuta, na mmetuuliza msimamizi wa seva hufanya nini hasa. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta na simu nyingine. Ukituma pesa kwa simu, seva ndizo zinazoandika nani katoa na nani kapokea. Kila seva ina mipangilio yake: nani aruhusiwe kuingia, programu gani ifanye kazi. Ukiipanga kwa mkono moja moja, kuna siku utairuka moja.

Tuangalie Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital, iliyofanya biashara ya hisa, ilianza kutumia programu mpya iliyotakiwa kuwa katika seva nane. Fundi aliiweka katika saba tu, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane iliamsha programu ya zamani, ikaanza kutuma oda mfululizo. Katika kuhangaika, mafundi wakaiondoa programu mpya kwenye zile saba zilizokuwa sawa! Mambo yakazidi kuharibika. Kwa dakika 45 hivi kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 400. Mwaka uliofuata ikamezwa na kampuni nyingine.

Dawa ilikuwepo tangu 1993, pale Mark Burgess alipotengeneza CFEngine huko Oslo, Norway. Baadaye zikaja Puppet na Ansible. Msimamizi huandika katika faili jinsi seva zote zinavyopaswa kuwa. Programu huzipitia zote, iliyo sawa huiacha, iliyokosea huirekebisha.

Hapa tusikilizane vizuri. Ukimwambia mtoto, "Mimina ndoo tano kwenye tangi," akirudia mara mbili maji yatamwagika. Lakini ukimwambia, "Tangi liwe limejaa," hata ukiwatuma watoto watatu hakuna hasara. Faili hizi huandikwa kwa namna hiyo ya pili.

Ila si uchawi. Kosa likiandikwa katika faili, litafika seva zote kwa dakika chache. Kwa hiyo mtu wa pili huisoma kwanza, kisha hujaribiwa kwenye seva moja.

Swali la kujadiliana: Katika kikundi chetu, ni kazi gani imo kichwani mwa mtu mmoja tu, haijaandikwa popote?