Vitu Vinavyopendeza Moyo

1. Kazi ya kulisha na kazi ya kupendeza

Kila mtu mkubwa ana kazi inayomlisha. Mmoja analima, mwingine anachimba shaba, mwingine anauza sokoni, mwingine anaandika ofisini. Kazi hiyo ndiyo inayoleta chakula nyumbani na kulipa masomo ya watoto. Lakini watu wengi wana kazi nyingine tena, kazi ndogo ya saa za kupumzika. Hakuna anayewalipa kwa kazi hiyo. Wanaifanya kwa sababu wanaipenda. Huyu anakusanya vitu, yule anatia nakshi katika kitambaa, mwingine anapiga muziki.

Mara nyingi watoto hawazijui kazi hizo, kwa maana wakubwa hawasemi sana juu yake. Mwalimu mmoja wa mwaka wa tano, katika shule ya misioni karibu na mji wa Likasi, alitaka wanafunzi wake wazijue. Akawaomba watu wanne waje darasani siku ya Jumamosi asubuhi, kila mmoja na kitu kimoja anachokipenda. Akawaambia: «Msilete kitu cha bei kubwa. Leteni kile ambacho mngekiokoa kwanza kama nyumba ingewaka moto.»

Wakaja mzee mmoja aliyekuwa karani wa posta, mama mmoja muuzaji wa sokoni, mzee mmoja mkulima, na zamu wa shule. Wanafunzi walipomwona zamu amekaa pamoja na wageni, wawili watatu walicheka chini chini. Mwalimu akawatazama, wakanyamaza.

2. Kitabu cha stempu

Karani alifungua kitabu kikubwa. Ndani yake kulikuwa na stempu nyingi, zimepangwa mstari kwa mstari.

«Watoto wangu,» akasema, «stempu ni karatasi ndogo inayoonyesha kwamba barua imelipiwa. Zamani, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa. Mwaka 1840 Uingereza ilitoa stempu ya kwanza, yenye kichwa cha Malkia Victoria. Tangu siku hiyo anayetuma ndiye anayelipa, na nchi nyingine zikafuata.»

Kisha akaonyesha stempu za Kongo. Za kwanza zilitoka mwaka 1886. Zina kichwa cha Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, ambaye aliitawala nchi hii kama shamba lake mwenyewe, wala hakuikanyaga hata siku moja. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji, na juu ya stempu yakachapwa maneno CONGO BELGE. Stempu za mwaka 1942 zina picha ya michikichi. Nyingine zinaanza na Kifaransa, nyingine zinaanza na Kiflamanki; lugha ya Kongo haimo hata moja. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru. Posta ilikuwa bado na stempu za zamani zenye picha za maua. Basi ikachapa juu yake neno moja tu: CONGO. Mwaka uleule Katanga ilijitenga, na stempu za Kongo zikapigwa neno KATANGA. Mwaka 1963 kujitenga kule kukaisha. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaïre, na mwaka 1997 ikaitwa tena Kongo.

«Mnaona?» akasema karani. «Ukizipanga kwa miaka, unasoma historia ya nchi bila kitabu kingine.»

Mwanafunzi mmoja akauliza: «Baba, ulizinunua kwa fedha ngapi?»

«Sikuzinunua. Watu walitupa bahasha, mimi nikaziokota. Usivute stempu kwa nguvu, itapasuka. Weka kipande cha bahasha katika maji. Gundi italegea, na stempu itatoka yenyewe. Kisha uikaushe chini ya kitabu kizito.»

«Na ipi ingekuwa ya kwanza kuokolewa motoni?»

Karani akageuza kurasa mpaka ya mwisho. Akaonyesha stempu moja ya kawaida, pembe yake imekunjika. «Hii. Ilikuja juu ya barua ya mwisho ya baba yangu.»

3. Kitambaa cha Kasai

Mama alikunjua kitambaa kigumu, chekundu na cheusi, chenye mistari inayopindana kama njia za mchwa. Wanafunzi wa mbele waliruhusiwa kukigusa. Upande wa juu ulikuwa laini kama manyoya ya paka.

«Wazee wangu wanatoka Kasai, katika nchi ya Wakuba,» akasema mama. «Kwetu wanaume hufuma kitambaa kwa nyuzi za mti wa rafia. Wanawake hutia nakshi. Ninapitisha uzi chini ya uzi mmoja wa kitambaa, ninauvuta, kisha ninaukata kwa kisu kidogo, nikiacha ncha mbili fupi. Sifungi fundo. Ncha hizo ndizo zinazofanya manyoya.»

«Mama, kitambaa kimoja ni kazi ya siku ngapi?»

«Usihesabu siku, mwanangu, hesabu miezi. Mchana niko sokoni. Jioni ninatia mistari michache, kisha usiku unaingia.»

Akaeleza kwamba hachori kwanza. Nakshi yote imo kichwani. Tena kila nakshi ina jina lake. Akasimulia habari inayojulikana sana: katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Walifikiri ataishangaa. Lakini mfalme hakuijali pikipiki. Aliangalia alama ambazo magurudumu yaliacha mchangani. Akaamuru zinakiliwe, na nakshi ile ikapewa jina lake.

«Ninyi pia mkitembea, mtazame chini,» akasema mama, na darasa likacheka. Kisha akaonyesha pembe moja ya kitambaa. «Hapa nilikosea nikiwa msichana. Bibi yangu alizitoa nyuzi zote, akaniambia nianze tena. Nililia. Sasa bibi hayupo, lakini kila nikishika pembe hii ninasikia sauti yake.»

4. Msalaba wa shaba

Mzee mkulima hakusema kitu. Alitoa mfukoni kitu kizito kilichofungwa katika kitambaa kikuukuu, akakiweka juu ya meza. Kilikuwa shaba, chenye mikono minne kama herufi X, na rangi ya kijani ilikuwa imekishika pembeni.

«Ni msalaba wa kanisa?» akauliza msichana mmoja.

«Hapana, mwanangu. Ni mali ya mababu. Niliukuta wakati jembe langu lilipogonga kitu shambani.»

Mwalimu akamwomba aeleze kazi ya shaba ya zamani, naye akaeleza vizuri. Mababu walijua vilima vya shaba kwa kutazama tu: miti mikubwa haioti pale, na majani mengine madogo huota pale kuliko mahali pengine. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, watu walikwenda kuchimba mawe ya kijani. Walichoma makaa ya miti. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo unavumilia moto. Vijana walivukuta mifuko ya ngozi ili moto uwe mkali. Shaba ikiyeyuka, mafundi waliimwaga katika umbo lililochimbwa mchangani. Ikipoa, ndiyo msalaba.

Misalaba hiyo ilitembea mbali. Watu walinunua kwayo vitu, na kwayo walitoa mahari. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale. Katika makaburi mengine walikuta misalaba midogo ya shaba imewekwa karibu na mikono ya wafu. Mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba, na kazi ya mababu ikapotea polepole. Lakini umbo la msalaba halikusahauliwa: lilichorwa juu ya bendera ya Katanga mwaka 1960, na juu ya vipande vya fedha vya mwaka 1961.

Mwanafunzi mmoja akainua mkono: «Baba mzee, huu si ungeuzwa?»

Mzee akakaa kimya kidogo. «Mfanyabiashara alikuja kwangu, mwaka ambao mahindi yalikauka. Aliuweka juu ya mizani, akasema: Ni kilo moja ya shaba. Akanitajia bei ya kilo moja. Watoto walikuwa na njaa. Usiku ule sikulala. Niliwaza: Nikiuza, tutakula siku tatu, na shaba hii itatiwa motoni, itakuwa waya. Siku ya nne njaa itarudi, na msalaba hautarudi. Asubuhi nikauza mbuzi wangu wa mwisho.»

Hakuna mtoto aliyecheka.

Mwalimu akawaeleza wanafunzi kwamba mwaka 1971 sheria iliwekwa katika nchi ili kulinda vitu vya kale. Mtu akiona kitu cha namna hii udongoni, asiendelee kuchimba, wala asifungue kaburi; awapashe habari wakuu wa serikali. Mahali kitu kilipokuwa, na vitu vilivyokuwa karibu yake, vinawafundisha wataalamu kuliko kitu chenyewe. Mzee akasema hakuijua sheria hiyo. Basi wakapatana, yeye na mwalimu, kwenda pamoja Lubumbashi, kwenye jumba la vitu vya kale, ili msalaba ule uandikwe.

5. Likembe ya zamu

Zamu alikuwa wa mwisho. Alitoa sanduku dogo la mti, linaloenea mikononi miwili. Juu yake kulikuwa na ndimi nane za chuma. Ni likembe, Waluba huiita kisanji.

«Niliitengeneza mwenyewe,» akasema. «Ndimi hizi ni vyuma vya gurudumu la kinga iliyovunjika. Nilizipiga kwa nyundo mpaka zikawa bapa. Usiku, wakati ninyi mnalala, mimi ninapiga polepole. Hivi sisinzii, na mwizi anajua kwamba kuna mtu macho.»

Akapiga kwa vidole gumba viwili. Sauti ilikuwa ndogo, lakini darasa lote liliisikia. Kisha akaeleza. Ulimi mrefu unatoa sauti nzito. Ulimi mfupi unatoa sauti nyembamba. Akitaka kusawazisha sauti, anausukuma ulimi nyuma au mbele kidogo tu. Sanduku ni tupu ndani, na utupu ule unaongeza sauti. Nyuma kuna tundu: akiliziba na kulifungua kwa kidole, sauti inatetemeka kama mtu anayelia. Tena amezungusha waya mdogo katika kila ulimi, ili uvume kama nyuki.

Mwalimu akawaambia wanafunzi wachukue rula zao. Wakazibana kwenye ukingo wa meza, wakazipiga kwa kidole. Rula ikitoka nje sana, inatikisika polepole na sauti yake ni nzito. Ikitoka kidogo, inatikisika upesi na sauti yake ni nyembamba. Basi wakaona kwamba zamu, ambaye hakusoma shuleni, aliijua sheria hiyo kwa masikio yake.

Zamu akaiweka likembe chini. «Ninajua nyimbo zaidi ya ishirini. Za mavuno, za safari, za kilio. Baba yangu alinifundisha. Sikuziandika, maana sijui kuandika. Sasa vidole vyangu vinaanza kukakamaa. Wana wangu wamekwenda mbali, wana redio na simu. Siku nitakayozikwa, nyimbo hizi zitazikwa pamoja nami.»

Darasa likawa kimya. Ndipo kijana mmoja aliposimama. Alikuwa mmoja wa wale waliocheka asubuhi. Akasema: «Baba, nilikucheka. Unisamehe. Mimi ninaweza kujifunza?»

Zamu akamtazama. «Lete vyuma viwili vya gurudumu bovu, uje saa kumi na mbili jioni. Lakini mwezi wa kwanza hutapiga. Utasikiliza tu.»

«Nitakuja, Baba,» akajibu kijana.

6. Mafundisho

Bwana wetu Yezu Kristu alisimulia habari ya mtumishi aliyepewa talanta, akaifukia udongoni. Talanta ile haikuibwa wala haikuharibika, lakini haikumfaa mtu yeyote. Ujuzi wa wazee wetu uko hivyo hivyo. Kama hakuna anayewauliza, unabaki umefukiwa.

Kitu cha mtu usikipime kwa bei yake tu. Stempu iliyokunjika pembe, kitambaa chenye kosa, kilo moja ya shaba, sanduku la mti lenye vyuma vya kinga: mizani ya sokoni haitaji thamani yake. Tena usimdharau mtu kwa sababu ya kazi inayomlisha. Hujui bado ni kazi gani inayoupendeza moyo wake.

Maneno ya kujifunza

Zamu: mlinzi wa usiku.
Kinga: baiskeli.
Nakshi: mapambo yanayotiwa katika kitambaa, mti au chuma.
Kichuguu: kilima kidogo kinachojengwa na mchwa.
Kuvukuta: kusukuma upepo motoni.
Kukakamaa: kuwa kigumu, kukataa kukunjika.

Maulizo

1. Mwalimu aliwaomba wageni walete kitu cha namna gani?
2. Kwa nini neno CONGO lilichapwa juu ya stempu za maua mwaka 1960?
3. Katika nchi ya Wakuba, nani hufuma, na nani hutia nakshi?
4. Mababu walijuaje kilima chenye shaba?
5. Mzee mkulima aliuza nini badala ya msalaba? Wewe ungefanyaje? Eleza sababu.
6. Ulimi gani wa likembe unatoa sauti nzito?
7. Kwa nini zamu alitaka kijana asikilize kwanza?

Kazi ya nyumbani

Umwulize baba, mama, babu au bibi: «Ni kitu gani ungekiokoa kwanza motoni?» Umsikilize mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha uandike mistari kumi: kitu hicho ni nini, kilitoka wapi, kinatengenezwa namna gani, na nani atajua habari yake baada yake.